Uzi Uliohesabiwa Upande Mmoja

Mimi ni dalali wa mifugo, na dalali asiyehesabu mara mbili hulala njaa. Mbuzi nawahesabu wakiingia, nawahesabu wakitoka. Hata chenji ya sukari naihesabu dukani, kisha naihesabu tena nje nikiwa nimeelekea ukutani. Mdogo wangu wa kike alinicheka kwa tabia hiyo miaka yote, na mwishowe akaipatia kazi.

Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana hapa mjini, huku akisomea shahada ya pili. Tuliishi mtaa wa Galbet katika nyumba aliyotuachia mama. Yeye chumba cha mbele, mbuzi wangu uani. Mezani pake alikuwa amesimamisha vioo viwili vya dirisha, vimekaribiana hata kidole hakipenyi. Katikati yake alidondosha mchanga wenye unyevu, kijiko baada ya kijiko, nao ukapanda bila mpango, hapa kilima, pale shimo.

"Unajenga nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Sijengi. Natazama uso ukikua."

Alinieleza kwamba vitu vingi hukua hivyo, masizi kwenye sufuria, kutu kwenye bati. Kila chembe huangukia inapotaka, lakini vilima na mashimo yanayobaki yana tabia yake, na tabia hiyo huweza kufanana katika vitu visivyojuana kabisa. Yeye alitaka kuikamata kwa kuugeuza uso ule kuwa mtandao. Alipiga picha, akaigawa kwa mistari iliyosimama wima, akatia nukta pale mchanga ulipoishia katika kila mstari. Kisha likabaki swali moja: nukta ipi inaiona ipi? Weka rula kutoka nukta hii hadi ile. Kama hakuna mchanga uliochomoza juu ya rula, zinaonana, chora uzi. Kama kuna kilima katikati, basi, kila moja na maisha yake.

"Kwa hiyo aliye juu anaona wengi," nikasema. "Kama ngamia kati ya mbuzi."

"Haya, profesa."

Ukijua kila nukta ina nyuzi ngapi, alisema, unaweza kujua uso umekua kwa njia gani hata kama hukuwepo ukikua. Kompyuta ilimfanyia maelfu ya picha. Lakini mwalimu wake wa Nairobi alidai karatasi moja iliyohesabiwa kwa mkono, ili ionekane programu haidanganyi. Huyo mwalimu nilimheshimu papo hapo.

Akanijaribu kwa picha ndogo ya nukta kumi. Yeye alipata nyuzi kumi na tisa. Mimi nilipata thelathini na nane.

Alicheka mpaka akaitafuta pampu yake ya pumu. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na vumbi la mji huu halimwonei mtu huruma. "Aboowe," akasema, kwa kuwa mimi ndiye kaka mkubwa, "umehesabu kila uzi kwenye ncha zote mbili. Ndiyo kazi yenu, kulipwa na muuzaji na mnunuzi."

Lakini akaniambia sikukosea sana. Ukijumlisha hesabu za nukta zote, kila uzi lazima uingie mara mbili, mara moja kwa kila ncha. Jumla haiwezi kuwa witiri. Ukipata witiri, ujue kuna mahali uzi umehesabiwa upande mmoja tu. Nikamwambia hii ndiyo sayansi ya kwanza niliyowahi kuielewa.

Jumamosi moja asubuhi alikaa na ile karatasi kubwa, nukta sitini. Nilimpelekea chai.

"Umefika ngapi?"

"Thelathini na moja. Usinisumbue."

Nikatoka. Langoni alikuwa amefika mteja, afisa mmoja wa kutoka bara, anataka beberu wa sherehe.

"Mzee, huyu amefunga Ramadhani peke yake?"

"Huyo si mwembamba. Ameificha nyama isiibiwe."

"Basi nipunguzie, nitalipa ile ninayoiona."

Tukaanza. Ndani nikamsikia mdogo wangu akikohoa. Alikohoa tena, kisha akaita, "Aboowe, maliza basi."

"Bado kidogo, abaayo!"

"Umesikia?" mteja akasema. "Hata dadako ananitetea."

Nami nilidhani hivyo hivyo, kwamba ananitania, maana kila mara alisema nabishana mpaka mbuzi mwenyewe anakata tamaa. Nikapandisha sauti, ili kile kikohozi kisije kikampa mteja sababu ya kuniharakisha. Yeye akapanda kidogo, mimi nikashuka kidogo, tukapeana mkono. Nilirudi ndani nikiwa mshindi.

Alikuwa ameegemea meza, pampu mkononi, tupu. Chai ilikuwa imejaa vile vile.

Tulifika hospitali. Siku ya tatu tukamzika. Daktari aliniambia kwamba kwa hali aliyokuwa nayo, huenda mambo yangekuwa yale yale. Huenda. Mimi neno hilo nalijua. Nalitumia sokoni kila siku.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu wake akapiga simu, akatoa pole, akasema kazi imekamilika isipokuwa ile karatasi. Ikipatikana, wataipokea kazi kwa jina lake. Nikamwambia ipo. Aliishia nukta ya arobaini.

Nikazihesabu ishirini zilizobaki kwa rula yake, mara mbili kila moja. Nikajumlisha zake na zangu.

Witiri.

Nikajumlisha upya kutoka chini kwenda juu. Witiri. Nikajilaumu, kwani nani mwingine? Nikarudia ishirini zangu, zilikuwa sawa. Sikuwa na nia ya kumkagua yeye, lakini namba haikuniachia njia nyingine. Nikaanza na nukta yake ya kwanza. Sawa. Ya kumi, sawa. Mpaka thelathini na mbili hakukosa hata uzi mmoja.

Ya thelathini na tatu, umepungua uzi. Ya thelathini na tano, zimepungua mbili. Kisha moja, kisha moja, na ya arobaini zimepungua nne, tarakimu yenyewe imeteleza nje ya mstari. Jumla tisa. Mtu aliyekuwa akiweza kuhesabu nyuzi huku akisahihisha mitihani.

Nilimwacha kwenye thelathini na moja. Kwa hiyo alianza kukosa pumzi pale pale nilipotoka, wala hakuita papo hapo. Alijua nina mteja. Akaendelea kuhesabu. Nilijipima kwa saa inachukua muda gani kuhesabu nukta nane, thelathini na tatu hadi arobaini. Nilijipima mara mbili. Ni muda wa kutosha kumtoa mtu Galbet hadi hospitali na kupata mahali pa kuegesha gari.

Nilinakili karatasi mpya, safi, nyuzi zote zikiwa na ncha mbili, jumla shufwa, nikaituma Nairobi. Walipokea kazi. Ile yake sikufuta kitu. Ninayo, na kila ninapoijumlisha inatoa witiri.

Vioo bado viko mezani. Mchanga ulikauka, vilele vikamomonyoka vyenyewe.

Juzi yule afisa alirudi. Hakujua lolote, na sikumwambia. Alitaka beberu mwingine. Akanitajia bei ya matusi, ile ya kufungulia mazungumzo, akakunja mikono akingoja nimtukane kwa adabu.

"Mchukue," nikasema.

Akamtazama mbuzi. Akamfungua mdomo, akahesabu meno, akamgusa mbavu.

"Mzee," akaniuliza, "ana ugonjwa gani?"

Nikamwambia mbuzi hana ugonjwa wowote.