Zamu za Mama Noeli

Mama Noeli alikuwa na kosa moja tu kazini: aliwapenda panya.

Tulimwajiri miaka sita iliyopita kuwatunza panya weupe wa maabara yetu hapa Dodoma. Kazi yake ilikuwa kubadilisha maranda ya vizimba, kujaza chupa za maji na kuhakikisha kiyoyozi hakizimiki Oktoba, jua linapotaka kutumaliza. Ni Msandawe wa Chemba, mwenye mwendo wa pole na ubishi wa punda. Siku ya pili nilimkuta akiwasemesha panya Kisandawe, anapiga ulimi kama lugha hiyo inavyotaka, nao wamesimama kwa miguu ya nyuma wanamsikiliza.

"Mama, hawa wametoka ng'ambo," nikamwambia. "Kisandawe wamekijulia wapi?"

"Na wewe umetoka Bukoba, Daktari. Mbona ugali wa uwele siku hizi unaumaliza?"

Basi, nikacheka. Tangu siku ile tukawa watu wa kutaniana kila asubuhi, baada ya mimi kumwamkia shikamoo kama inavyonipasa.

Mwaka jana Nurdini, mwanafunzi wangu wa uzamili, kijana wa Kondoa mpole asiyeweza kumkemea hata kuku, alianza utafiti wake. Alikuwa na panya ishirini na wanne waliobadilishwa jeni moja, ili wawe na kasoro waliyo nayo baadhi ya watoto: mwili ukipata joto, degedege linawashika. Nurdini alimweka panya chini ya taa, akampandisha joto taratibu, na kuandika degedege lilianza mwili ukiwa na joto kiasi gani. Hapo hapo taa ilizimwa na panya akapozwa. Kumi na wawili walipashwa joto kila siku, nao walichorwa mstari mwekundu mkiani. Wengine walipashwa mara moja kwa wiki, wakachorwa mweusi; kila kizimba kilikuwa na mwekundu mmoja na mweusi mmoja. Tulitaka kujua kama degedege la leo linalifungulia njia la kesho.

Panya hujilamba, na wino hufifia. Kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi Mama Noeli aliichora upya ile mistari kwa maka peni.

Baada ya miezi mitatu Nurdini aliniletea matokeo ya ajabu. Wekundu na weusi hawakutofautiana hata kidogo, na panya aliyeanguka upesi wiki hii, wiki ijayo alivumilia joto utadhani si yeye. Mimi nina hasira za karibu, mke wangu ni shahidi. Sikuuliza, nilihukumu. Nilimwambia Nurdini amekaa kitako akapika takwimu, na kwamba Ijumaa nitaiandikia idara aondolewe masomoni.

"Sijapika, Daktari," alisema. Akatoka macho yamemwiva.

Kesho yake Mama Noeli alimkuta maabara akifungasha vitabu vyake, akamwuliza kulikoni, naye akamweleza. Mama aliingia ofisini kwangu bila hodi, koti la kazi bado mwilini.

"Kijana hana kosa. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Ninawapa zamu." Alisimama wima. "Wale wekundu wanachoka, Daktari. Kila siku wao, kila siku wao, wenzao wanakula tu. Nikaona si haki. Aliyeanguka sana ninamfuta kwa spiriti, ninamchora mweusi apumzike, na mwenzake anachukua mwekundu. Ndugu si husaidiana?"

Nilipiga meza. Nilipiga kelele hadi jirani yangu akafunga dirisha. Miezi mitatu! Yeye alingoja nimalize, kama mtu aliyejibanza barazani mvua ipite. Kisha akakaa bila kukaribishwa.

"Noeli wangu alikuwa wa kwanza katika watoto watano. Homa ikiingia nyumbani inawapata wote, lakini degedege linamshika yeye tu. Likishamshika mara moja, hata kwa homa ndogo linarudi. Wengine wakasema nimelogwa. Mimi nilikuwa ninamwomba Mungu, hata siku moja tu, mwenzake mmoja ampokee." Alitazama mikono yake. "Alikufa ana miaka minne."

Kwa miaka sita nilikuwa nimemwita Mama Noeli, na sikuwahi kuuliza Noeli yuko wapi. Niliona aibu iliyonichoma masikio.

"Mama," nikamwambia, "hilo ndilo Nurdini analowauliza hawa panya. Kwa nini likishamshika mmoja linamrudia upesi zaidi. Ukiwapa zamu, hatutajibiwa."

Aliinua macho. "Mbona hamkuniambia?"

Kweli hatukumwambia. Tulimwambia achore mistari, basi. Hasira hasara, siku ile ile nilimwomba Nurdini radhi mbele ya Mama Noeli. Wakubwa walitaka mama aachishwe kazi, nikawajibu kwamba asiyeelezwa kazi hafukuzwi kwa kutoielewa, na kwamba barua yake waiandike pamoja na yangu. Hawakuandika yoyote.

Tulianza upya na panya wapya ishirini na wanne. Nilitaka kazi ya kuchora apewe mtu mwingine, nimwepushie uchungu. Alikataa. "Mtu mwingine hatawajua," alisema.

Alhamisi ya kwanza mimi na Nurdini tulisimama mlangoni. Panya mmoja jike, mdogo kuliko wote, alikuwa ameanguka vibaya asubuhi ile, na bado alikuwa amelegea kiganjani mwa Mama Noeli. Mstari wake ulikuwa umefifia. Maka peni mbili zilikuwa mezani, nyeusi na nyekundu. Mama alimpapasa mgongo kwa kidole kimoja mpaka akatulia, kisha akachukua nyekundu, akamchora mkia taratibu. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Ni wewe tena, mwanangu," alimwambia.