Mama Geti na Bati Jembamba

Mtaani walimwita Mama Geti, na hakuwahi kuhitaji kubandika kibao. Ukitoka karakana yake kuelekea barabara kuu, karibu kila nyumba unayoipita imefungwa kwa kazi ya mikono yake: mageti, madirisha ya nondo, ngazi za kupandia matangi ya maji. Alianza kuchomelea vyuma akiwa msichana, na mashine yake ya vijiti, nzito kama ndama, ilikaa pembeni mwa ua miaka yote hiyo ikinguruma bila kulalamika. Watu waliposema geti la Mama Geti haling'oki hata kwa trekta, ungemuona akijikaza asitabasamu.

Kaka yake mkubwa alikuwa dereva wa teksi mpaka macho yalipomsaliti. Presha ya macho ilimnyang'anya kuona kidogo kidogo, kuanzia pembeni, mwisho akabakiwa na mwanga na vivuli. Gari lake, la zamani sana, lenye taa za mviringo na usukani mwembamba, likawekwa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Injini ilikuwa bado nzima, maana mwenyewe hakuacha kuiwasha na kuisikiliza. Kilicholiua gari ni kutu. Iliingia sakafuni, ikapanda kwenye milango, ikatafuna kingo za chini mpaka zikawa kama biskuti iliyolowa chai.

Siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake. Kaka alimfukuza, kisha akaingia ndani akakaa. Mama Geti alipomfuata, alimkuta ameshika tama. Kaka akamwambia kwamba hataki gari lile liuzwe kwa kilo kama viazi. Alitaka siku moja akae tena ndani yake, hata kama si kwenye kiti cha dereva.

"Basi nitalitengeneza mimi," Mama Geti akasema. "Chuma ni chuma."

Kumbe siyo.

Asubuhi iliyofuata alivua turubai, akakata kipande cha bati, akakipachika juu ya tundu la sakafuni, akashusha ngao ya uso na kugusa kwa kijiti. Bati likayeyuka kama siagi. Akapunguza moto, kijiti kikaganda. Akauongeza kidogo, bati likatoboka tena. Kila alipojaribu kuziba tundu moja alizaa jingine, na kabla ya mchana, tundu lililokuwa la kupitisha kidole likapitisha ngumi. Hakuwa ameng'oa zulia la nyuma, na cheche zikapenya chini yake. Moshi ulipoanza kutoka, wifi yake, mke wa kaka, alikuja mbio na ndoo ya mchanga akaumwaga wote ndani ya gari.

"Wifi," akamwambia akihema, "nilisikia unalitengeneza. Sikujua unalipika."

Mama Geti hakucheka. Alikaa chini kando ya gurudumu, mchanga mpaka kwenye nywele. Kaka alitoka akipapasa ukuta, akauliza kumetokea nini, akaelezwa. Akamshauri aache kujitesa; mafundi wengi hujaza matundu kwa puti, ule unga unaokorogwa ukaganda, wanapiga msasa, wanapaka rangi, na mambo yanakwisha. Nani angejua?

"Mvua ingejua," dada yake akamjibu. "Na mimi ningejua."

Jioni ile alipiga moyo konde akaenda kwa Nyundo. Huyu alikuwa fundi wa bodi za magari upande wa pili wa soko, mtu wa makamo mwenye mikono midogo na maneno machache zaidi. Kwa Mama Geti safari ile ilikuwa chungu, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akiwaita mafundi wa bodi "wapaka unga", na alijua fika kwamba maneno hayo yalishamfikia Nyundo mwenyewe. Alisimama mlangoni na kile kipande cha bati kilichotoboka toboka, akasema amekuja kujifunza. Nyundo akakigeuza kipande, akachungulia barabarani kupitia matundu yake.

"Hiki ni chujio," akasema. "Ingia."

Hakumfundisha kwa mdomo. Alimpa mabaki ya boneti kuukuu na kumwekea mashine yake ya waya, ile ambayo waya mwembamba hujisukuma wenyewe kutoka kwenye bunduki ya kuchomelea huku gesi ikiufunika moto usichafuliwe na hewa. Mama Geti akatoboa. Nyundo akampa kipande kingine. Akatoboa tena. Mikono yake ilikuwa imezoea kuvuta mstari mrefu kwenye chuma kinene, na sasa ilibidi ijifunze kuchoma nukta moja na kuondoka, kwenda kuchoma nyingine mbali, kuacha ya kwanza ipoe, na kurudi. Ukifuata mstari, bati linapata joto na kujikunja kama jani kavu. Wiki zikapita akifanya mageti asubuhi na nukta jioni. Kuna siku aliitupa ile bunduki chini akaenda zake nyumbani. Kesho yake alirudi, akaiokota mahali pale pale alipoiacha. Nyundo hakuwa ameigusa.

Hatimaye kipande kimoja kilitoka kimekaa sawa, mbele na nyuma. Nyundo alikipiga nyundo, akakikunja kwenye jiliwa, maungio yakashika. Akamwambia sasa akatafute mashine yake, maana waya wake umeisha.

Duka la vifaa lilikuwa na mashine zilizopangwa ukutani kama televisheni. Mwenye duka alimfahamu Mama Geti kwa kununua vijiti na diski, hivyo akampeleka moja kwa moja kwenye ile kubwa kuliko zote, akimsifia nguvu zake: inapanda moto, inakula chuma cha unene wowote.

"Sina shida na inapopanda," Mama Geti akamkatiza. "Nionyeshe inashuka mpaka wapi."

Mwenye duka akakiri kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo. Mama Geti akafungua mfuko wake akatoa kipande cha sakafu ya gari, kimeshasuguliwa kutu mpaka kinang'aa, akaomba kila mashine iwashwe aijaribu kwa moto wake wa chini kabisa. Ile kubwa ilitoboa kwenye mguso wa kwanza. Ya pili ilikuwa rahisi kubeba na haikuhitaji mtungi wa gesi, waya wake una dawa ndani. Lakini ilirusha cheche kama mahindi yanayopasuka, na moto wake ulikuwa mkali kwa bati lile. Ya tatu ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijivu, wala haikuvutia macho. Ilishuka taratibu, waya ukatoka kwa utulivu, nukta ikakaa. Akachoma nyingine, na nyingine. Akauliza kama umeme wa kawaida wa nyumbani unaitosha, akaambiwa unatosha. Akaichagua hiyo.

Mwenye duka hakukata tamaa. Akamletea mashine ya kukatia kwa umeme na hewa, inayopasua chuma kama kisu kwenye papai. Mama Geti aliitazama kwa hamu, kusema kweli, kwa sababu ilikuwa nzuri. Lakini ilidai kompresa ya kusukuma hewa, na kompresa ingedai umeme ambao ua wake haukuwa nao. Tena, alichokuwa anakata yeye ni viraka vyembamba. Akachukua mkasi wa bati unaoweza kukata kwa kupinda, diski nyembamba za grinda yake ndogo, na kekee maalumu ya kuchimbua zile nukta za kiwandani zinazoshikanisha mabati ya gari, ili bati bovu libanduke bila kuumiza lililo zima chini yake. Akaongeza kipande bapa cha shaba cha kushikiza nyuma ya tundu, kwa sababu waya ulioyeyuka haung'ang'anii shaba. Huo ulikuwa ujanja wa Nyundo.

Kabla ya kuwasha chochote nyumbani, aling'oa betri, akashusha tangi la mafuta, akatoa viti na kila uzi wa zulia. Wifi aliziweka ndoo mbili za mchanga karibu, akasema haendi popote. Siku ya kwanza upepo ulipuliza gesi, nukta zikatoka na vitundu kama sifongo. Mama Geti akazisaga zote, akaziba upande wa upepo kwa mabati ya geti ambalo mteja alikuwa bado hajalichukua, akaanza upya. Alikata kutu mpaka alipofikia chuma kinachong'aa; na mahali ambapo kutu ilikuwa imejificha mbali kuliko alivyotarajia, alikata mbali zaidi. Kaka alihesabu kwa masikio. Sauti ya grinda ikizidi alikunja uso, akauliza kama kuna gari litakalobaki.

Lilibaki. Sakafu ikafungwa, kisha kingo, kisha milango mmoja mmoja. Siku ya mlango wa mwisho, kabla ya rangi, Mama Geti alimshika kaka mkono, akauweka juu ya bati, akamwambia atafute kiraka kilipo. Vidole vilitembea kutoka juu hadi chini, vikarudi, vikasimama.

"Hapa," akasema.

Mama Geti akasaga kidogo tena. Vidole vikarudi, vikatafuta muda mrefu. Safari hii havikusimama popote. Kaka aliegemeza paji la uso kwenye mlango ule, na dada yake akajifanya anapanga vifaa.

Rangi ilipokauka na viti kurudishwa, walitoka Jumapili moja, barabara zikiwa tupu. Kabla hawajaondoka Nyundo alikuja kuona, akalala chini ya gari na tochi, akaamka akijipangusa mavumbi, akasema hakuona unga. Wifi alikaa nyuma. Kaka alikaa mbele kushoto akaona kiti ni kigeni kwake, mikono hana pa kuiweka. Mama Geti, ambaye maishani mwake aliendesha pikapu ya vyuma tu, alibadilisha gia kwa kishindo.

"Usiipige," kaka akasema. "Isikilize injini, itakuambia yenyewe."

Akaanza kumwelekeza: sasa tatu, legeza, kata kona, kuna shimo karibu na daraja. Shimo lilikuwepo kweli. Wakazunguka mitaa ile yote aliyoipita na abiria wake, naye akiitaja kabla hawajaifikia, akikosea mara chache tu, pale palipojengwa upya. Walipokaribia njia ya kurudi nyumbani, Mama Geti alimuuliza kama amechoka.

"Nyoosha," kaka akamwambia, na dada yake akaingiza gia ya nne, safari hii bila kelele.