Nukta na Kistari

Mwalimu wa hesabu aliyepanga chumba kwa mama mmoja aitwaye Wakarima, hapo mtaa wa Gatina, alikuwa na mkono mweupe wa chaki hata Jumapili kanisani. Jioni alimfundisha binti yake Kavetsa kwa ubao alioegemeza ukutani, hesabu za vitu vinavyobadilika. Kila herufi inayobadilika aliiwekea nukta juu kuonyesha kasi yake, akizungusha chaki polepole kama fundi anayetoboa mbao. Kavetsa yeye aliweka kistari kando ya herufi, vile walimu wake wa chuo walimwonyesha.

"Baba, si ni kitu moja tu?"

"Kwa nyumba yangu ni nukta."

Halafu anafuta kazi ya msichana na kiganja, yote, hata kama jibu ni sawa. Wakarima, akichagua maharagwe mlangoni kwake, alimwambia, "Mwalimu, utamfuta huyo mtoto mpaka aishe." Yeye akacheka tu, akapuliza chaki iliyobaki vidoleni.

Mwaka huo Kavetsa aliugua malaria karibu na mitihani, wakamzika kwao Maragoli. Mwalimu aliporudi alikuta ubao palepale, hesabu ya msichana nusu, na vistari vyake. Akainua kiganja, kikabaki hewani. Mwishowe akachukua chaki akaimalizia ile hesabu, na kila herufi akaiwekea kistari.

"Mama, njoo uone," akaita. "Nimeandika vile alikuwa anataka."

Wakarima hakuinua macho kutoka kwa maharagwe.

"Nimeona, Mwalimu. Sasa muite na yeye aone."