Sauti Iliyo Chini ya Kuku

Mzee Ngosha wa Ilemela, mkata tiketi mstaafu wa kivuko, hakuwahi kutunza siri hata ya mke wake. Ndiyo maana mtaa ulicheka aliposema sasa anatunza siri za watu.

Aliyemwingiza ni Mwalimu Gladness. Kaya tano zilikubaliana kujitolea, kila moja iweke nyumbani kompyuta ndogo isiyozimwa. Faili la mtu linafungwa kwa neno la siri, linakatwa vipande na kugawiwa nyumba zote. Kipande kimoja hakisomeki, lakini nyumba tatu zikiwa hewani, faili linarudi zima.

"Na mwizi akiibeba?" aliuliza jirani yake, Masalu.

"Ataondoka nayo akiwa mjinga kama mimi," Ngosha alijibu kwa majivuno.

Yeye alikuwa ameweka humo faili moja tu: sauti ya marehemu mkewe, Teodora, aliyoirekodi asubuhi moja uani. Tangu amzike alikuwa haisikilizi, moyo ulimkatalia, ila ilimtosha kujua ipo kwenye simu. Kisha simu ikamponyoka akivuka kwenda Kamanga, ikazama ziwani. Ngosha alirudi nyumbani na hofu aliyokuwa hajaipata hata siku ya mazishi.

Gladness alikuja siku hiyohiyo. Kati ya zile tano, mashine yake na ya Chenge zilikuwa hewani. Ya Elias iliunguzwa na radi, na ya Mama Lata, mwenye duka la vitambaa mjini, haikujibu, wala simu yake haikupokelewa. Ilibaki ya Ngosha.

Juu ya mashine ya Ngosha kulikuwa na kuku. Alipapenda kwa joto lake, akatagia pale, akaatamia. Manyoya yakaziba matundu ya hewa, mashine ikachemka na kujizima.

"Mzee, lazima ashuke. Tukiiwasha hivi itaungua," alisema Gladness, akanyoosha mkono, akadonolewa.

Masalu akaleta ufagio. Ngosha akasimama mbele yake.

"Ukimfukuza atasusa mayai. Huyu ni kuku wa Teodora."

"Sasa anamsikia nani?" aliuliza Gladness.

"Teodora peke yake."

"Basi Teodora amwite," alisema Masalu, ambaye hajawahi kufikiri kabla ya kusema.

"Teodora yuko chini ya kuku," alisema Gladness, akaketi.

Wakaketi wote watatu, wakimtazama kuku, naye akiwatazama. Simu ya Gladness ikaita. Ni Mama Lata, akiomba radhi: alikuwa na shughuli ya harusi, akachomoa mashine ili apate plagi ya friji, na sasa ameirudisha.

Zikawa nyumba tatu. Ngosha akaandika neno la siri kwenye simu ya Gladness.

"Kuru kuru kuru," iliita sauti ya Teodora. "Ngosha, leta mtama. Unangoja nini?"

Kuku akainuka, akajikung'uta, akashuka kuifuata simu.

"Mzee, ameshuka," alisema Gladness, akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Ngosha alikuwa stoo, akichota mtama mbiombio asije akagombwa. Kopo lilipojaa ndipo akakumbuka. Akalia palepale, amelishika kifuani. Huko sebuleni Gladness akairudia sauti, Teodora akamwita tena, naye Ngosha akapeleka mtama.