Kilima Walichosema Ni Tupu

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi moja huko Himbi, mtaa wa Goma, nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta ya patron, mkubwa wangu wa kazi. Yeye alikuwa akizunguka nyuma yangu na kikombe cha kahawa, akinitajia maneno ya kuandika kwenye depliyan mpya, karatasi yetu ya matangazo. Ofisi yetu inatembeza wageni, na safari hii alitaka kuwauzia matembezi ya siku moja chini ya milima ya Ruwenzori: mgeni alale Mutwanga, aamke mapema, apande kilima, aone barafu, arudi kula.

"Andika: kilima ni tupu, kimya, hakuna mutu."

Niliondoa vidole kwenye mashine. "Patron, kwa kile kilima kuko batu. Dada yangu iko pale."

"Watatoka mbele ya wageni kufika. Chef wa kijiji amekwisha kusema nao."

"Watoke waende wapi?"

"Chini, kwa mto. Nafasi iko. Kavira, andika tu."

Sikuandika. Dada yangu Masika alikimbia kijiji chake usiku na watoto watatu, vita ilipofika kwenye mashamba yao ya kakao. Mume wake hakufika. Tangu siku ile anaishi juu ya kilima hicho chini ya shitingi ya plastiki, pamoja na familia nyingine zilizokimbia kama yeye. Na mimi niandike kwamba pale ni patupu? Nilisimama, kiti kikaanguka, na nikasema kwa sauti ambayo hata jirani wa ofisi aliisikia:

"Kama shida yako ni barafu, mimi nitakutafutia mahali pengine pa kuionea."

Alicheka. "Weye? Na mutoto kwa mgongo?"

"Na mutoto kwa mgongo."

"Haya, nenda. Uko na juma moja. Ukileta njia ingine nzuri, nitaacha kile kilima."

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Niliyabeba pamoja na nguo za mtoto.

Asubuhi ya kuondoka nilitoka nyumbani Mabanga kukiwa bado na giza, binti yangu Neema mgongoni, amelala kama hakuna kinachoendelea duniani. Basi lilipita kwenye mawe meusi ya volkeno, likapita mashamba ya kabichi ya Kibumba, likafika Rutshuru jua likiwa limekwisha kuwa kali. Baada ya pale tulisimama kungoja magari mengine, kwa maana gari halikatizi mbuga peke yake, wenye bunduki hulivizia. Askari walipanda lori la mbele, wengine la nyuma, na msafara ukaanza.

Kwenye uwanda wa Rwindi hakuna mtu aliyezungumza. Nasikia watalii wakipita hapa wanatazama majani wakitafuta tembo. Sisi pia tuliyatazama majani, kila mmoja kwenye dirisha lake, lakini hatukutafuta tembo. Basi lilipoanza kupanda kona za Kanyabayonga, mama mmoja nyuma yangu akakohoa, mwingine akauliza nani ana ndizi, na mara basi zima likawa soko. Hapo ndipo nilipojua tumepita.

Butembo nililala kwa shangazi. Baridi ya milima ya Lubero tuliyopita ilikuwa imeniingia mifupani, naye akanipikia ugali na samaki wa chumvi na kunigombeza kwa kumtembeza mtoto katika vita. Ana haki.

Kutoka Beni nilichukua pikipiki. Njia nzima tulipishana na watu waliokuwa wakienda tunakotoka: godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, masufuria yakigongana. Dereva alikuwa kijana mpole. Kwenye kila bariere ya askari alizima injini, akasalimu, akawasha tena. Tulipoingia Mutwanga nikamuuliza mlima uko wapi, maana mbele niliona wingu tu, jeupe, limeshuka mpaka kwenye migomba.

"Iko mbele yako, mama. Imejifunika. Haionekane kwa kila mutu anafika."

Kilima cha Masika si kirefu. Unakipanda kati ya mihogo, na kabla ya kuishiwa pumzi umefika juu. Pale pana uwanja wa majani, na mashitingi yamepangwa kwa kuzunguka, moshi unatoka kila mahali, na watoto wengi kuliko nilivyodhani. Masika alikuwa akitwanga. Aliniona, hakuacha kutwanga.

"Ulikuja kutusalimia ao kutufukuza?"

"Masika!"

"Nauliza tu. Tulisikia ni ofisi yako ndiyo inataka kilima. Nikawaambia hapa: mudogo wangu njo anaandika makaratasi yao, ni mutu mukubwa sasa."

Wanawake waliokaa karibu wakacheka, si kicheko kizuri. Nilimfungua Neema mgongoni nikamweka mikononi mwa dada yangu. Alimtazama. Hakuwa amemwona tangu azaliwe. Akaweka mchi chini.

"Iko na pua ya mama," alisema. Kisha: "Kaa. Utakula."

Alfajiri yake Masika aliniamsha kwa kunivuta mguu. "Toka, uone kile wazungu wako wanataka."

Nilitoka na kitenge mabegani. Wingu lilikuwa limeondoka. Jua bado lilikuwa nyuma ya milima, na kule juu, juu zaidi ya mahali ambapo nilidhani mbingu inaanzia, barafu ilikuwa imelala, ina rangi ya maziwa yaliyopoa. Wanande wanaiita nzururu. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni na sikuwa nimewahi kuiona. Kisha ukingo wake ukawaka, kwanza nchani, halafu mwanga ukateremka polepole. Nilisahau baridi. Nilisahau hata patron.

Nilipogeuka kumwambia Masika, nikamkuta amenipa mgongo. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, Neema magotini, anatazama upande wa pili, chini, kwenye barabara.

"Umegeuka vibaya," nilimwambia. "Barafu iko huku."

"Weye njo umegeuka vibaya."

Nikakaa pembeni yake. Barabara yote ilionekana, toka kwenye daraja mpaka inapopotea kwenye kakao. Mtu wa baiskeli alikuwa mdogo kama sisimizi.

"Unafikiri tulichagua hapa sababu ya uzuri?" alisema. "Hapa maji iko mbali. Upepo unabeba shitingi. Lakini ukiona batu banakimbia kule chini na magodoro, unajua uko na muda. Unaamsha batoto, unavaa viatu, unashuka huku nyuma. Kijijini kwetu hatukuwa tunaona barabara. Tulisikia tu, na kusikia kulikuwa kumechelewa."

"Na pale kwa mto wanapotaka muende?"

"Kwa mto kuko migomba. Utaona migomba tu."

Kila asubuhi na kila jioni, aliniambia, mwanamke mmoja hukaa kwenye jiwe lile. Wanapokezana. Asubuhi ile ilikuwa zamu yake.

Siku hiyo hiyo nilianza kutafuta. Nilimpata kiongozi wa milima, Kambale, mwanamume mfupi, mcheshi, aliyekuwa na jembe mkononi kwa sababu wageni walikuwa hawaji tena kwa wingi. Aliniangalia miguu, nimevaa viatu vya mpira vya michezo.

"Mama, na hivyo viatu unaenda wapi? Kwenye misa?"

"Nimepanda volkeno ya Nyiragongo na hivi viatu."

"Nyiragongo ni mawe. Mawe inakaa pale unaiacha. Huku ardhi inakufuata."

Hakunidanganya. Nilimwacha Neema kwa Masika, tukashika njia ya Kalonge, kibanda cha kwanza cha wapanda mlima, na kabla ya nusu ya njia matope yalikuwa yamekula kiatu kimoja. Nililazimika kuchomeka mkono mpaka kwenye kiwiko kukitoa, Kambale akiimba wimbo wa mazishi kwa ajili ya kile kiatu. Msitu wenyewe ni mzuri ajabu: majani makubwa kama miavuli, kuvu inayoning'inia kama ndevu, maji yakitiririka kila upande bila kuonekana. Lakini sisi watu wa Goma tunapima kila mlima kwa Nyiragongo. Depliyan yetu ya zamani iliandika kwamba mgeni atakwenda Kalonge na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulirudi jioni, na barafu hatukuiona hata kidogo. Miti imeifunika. Njia hiyo nikaiandika kwa wenye nguvu na wasio na haraka.

Siku iliyofuata tulifuata mto Butawu kupanda, kati ya kakao na mawe meupe. Ni matembezi mepesi, Neema alikuwa mgongoni. Kambale aliniambia nitie mkono majini. Nikautia nikautoa kwa kelele.

"Hiyo maji asubuhi ilikuwa barafu," alisema. "Imeshuka yenyewe kukusalimia, juu ya vile umeshindwa kupanda."

Neema naye akatiwa mguu, akapiga yowe, kisha akataka tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa sijacheka hivyo kwa muda mrefu. Lakini huko pia mlima hauonekani, na patron wangu ni mtu wa kuona.

Njia ya tatu ndiyo iliyoniponya. Masika mwenyewe aliniambia juu yake. Ng'ambo ya bonde pana ukingo mrefu wenye mashamba ya kahawa, na mwishoni pana uwanja wa mama mmoja mjane, anapoanikia kahawa yake. Tuliondoka alfajiri, tukapanda taratibu, umande ukitulowesha magoti. Tulipofika, vilele viwili vya barafu vilikuwa wazi kati ya mabega ya milima. Si vipana kama kwenye kilima cha Masika, nisiseme uongo. Lakini ni barafu, na mtu anaweza kuketi pale akaitazama mpaka wingu lije. Mama mwenye kahawa alitutolea viti.

"Wageni wanaweza kuja?" nilimuuliza.

"Waje. Ila wasikanyage kahawa yangu. Na waseme yambo kwanza, mbele ya kupiga foto."

Nilimwona ni mtu wa maana.

Siku ya kurudi Masika alinisindikiza mpaka chini ya kilima, akamfunga Neema mgongoni mwangu kwa mikono yake, akakaza kitenge mara mbili.

"Waambie," alisema.

Goma nilifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kesho yake nilikuwa Himbi mlango ukifunguliwa. Niliweka njia zangu mezani, moja moja, nikaeleza ya kahawa kwa urefu, na viti, na vilele viwili, hata kwamba kilimani vinaonekana zaidi. Patron alisikiliza vizuri. Alifurahi kweli.

"Kazi nzuri, Kavira. Tutaweka zote mbili. Kahawa siku ya kwanza, kilima siku ya pili."

"Ulisema utaacha kilima."

"Nilisema, nilisema. Lakini kule kunaonekana vizuri zaidi, hata weye umekubali. Hao batu watapewa mahali."

"Mahali penyewe hawaoni barabara."

"Barabara ya nini? Mutu anakaa porini anataka kuona barabara ya nini?"

Kwa dirisha nilimwona mlinzi wetu kwenye geti, na kiti chake na fimbo yake.

"Patron, ule sentineli wako, mchana na usiku anaangalia nini?"

Aliniambia siasa nikafanyie nyumbani. Nikachukua mkoba wangu, nikaacha kazi.

Nilichojifunza katika safari hii ni hiki: anayechagua mahali pazuri hana budi kuuliza kwanza nani amepachagua kabla yake, na kwa nini. Sikwenda shule ndefu, nina diploma ya sekondari tu, lakini kuandika barua ninajua. Niliiandika nyumbani Mabanga, Neema amelala, nikaipeleka kwenye ofisi ya serikali inayotoa ruhusa kwa wanaotembeza wageni. Karani alisoma mstari wa kwanza akaniangalia.

"Mama, unashitaki patron juu ya kilima?"

"Endelea kusoma."

Akaendelea. Alipomaliza alichukua muhuri, akaugonga bila utani tena. Barua yenyewe inasema hivi:

"Mimi Kavira, mkaaji wa Mabanga, mama wa mtoto mmoja, naleta malalamiko juu ya ofisi niliyokuwa nikiifanyia kazi. Inauza matembezi juu ya kilima kimoja cha Mutwanga na kusema kilima hicho ni tupu. Si kweli. Nimelala pale. Wanaishi pale wanawake, wazee na watoto waliokimbia vita, na wamekichagua kwa sababu wanaona barabara na wanapata muda wa kuokoa watoto wao. Wakiteremshwa mtoni hawataona kitu. Ofisi hiyo inalijua jambo hili, nimeiambia kwa mdomo wangu mara mbili. Barafu inaonekana kutoka mahali pengine, nimepafikia kwa miguu na niko tayari kupaonyesha. Naomba msitoe ruhusa ya kupeleka wageni juu ya kilima hicho, wala ya kuwaondoa watu wake, mpaka wao wenyewe waseme wanaweza kurudi kwao. Kama kuna mkubwa anayetaka kuhakikisha kwamba kilima kina watu, apande tu. Hana haja ya kutoa habari mapema. Kuna mwanamke amekaa juu ya jiwe, ndiye atakayemwona tangu darajani."