Siku Nne za Kumshikia Mwenzangu Biblia

Uvumilivu wangu uliisha Ikuti, Alhamisi saa nne asubuhi, mbele ya kanisa lililojaa. Mwenzangu Ambakisye alikuwa amekwama katikati ya habari ya mwanamke wa kisimani. Akanigeukia nimnong'oneze neno, kama nilivyomnong'oneza safari nzima. Nikaifunga Biblia, nikaiweka mapajani, nikanyamaza.

Ninyi mliobaki nyumbani mmesikia kwamba nilivuruga ibada. Someni kwanza nilivyofika hapo.

Jumatatu saa moja asubuhi tuliondoka Tukuyu, ukungu hata barabara huioni. Tulikuwa watatu: mimi, mwanafunzi mwenzangu Ambakisye, na Mwalimu Gwakisa, kiongozi wetu. Mgongoni nilikuwa na Lusajo, miezi saba. Kozi yetu ya uinjilisti haina mtihani wa kuandika. Unakariri sura nzima, unaisema vijijini bila kitabu, mwenzako anakufuatilia kwenye Biblia. Mzee wa kanisa akiridhika anasaini kadi yako. Kila kijiji mnasema wote wawili, kwa zamu; saini tatu, unapangiwa kituo cha kazi. Zisipotimia, unarudia mwakani.

Mimi sikuwa na mwakani. Mume wangu, anayefanya kazi kiwanda cha chai, alishasema: "Mara hii tu, mama Lusajo. Usije ukaniambia tena habari ya kozi." Kadi niliifunga katikati ya nepi ili isilowe.

Masukulu tulifika saa sita, kwanza kwa lori la majani ya chai, kisha kwa miguu kwenye utelezi, na viatu vyangu vya mtumba vikaachia soli. Nilikuwa tayari. Mwalimu akasema, "Leo Ambakisye. Wewe shika kitabu, mtoto anakohoa." Nikaona sawa, ni siku moja, zamu yangu itafidiwa. Nilimwokoa mahali panne bila watu kujua. Akasainiwa.

Matwebe, Jumanne alasiri, nilipelekwa jikoni kumenya ndizi. Mama mwenyeji alinitazama weee, akauliza, "Mwanangu, mbona unaongea na sufuria?"

"Nakariri, mama."

"Basi sufuria langu limeokoka. Sisi zamu yetu lini?"

Tulikuwa tunacheka bado kengele ikalia. Nilikimbia na utomvu wa ndizi mikononi. Ambakisye alikuwa ameshasimama mbele, na Mwalimu alinipokea mlangoni na Biblia. "Shika." Hata jina langu hakutaja. Baada ya ibada nikamuuliza, "Mwalimu, na mimi?"

"Ikuti ni yako."

"Na hizi mbili zilizopita?"

"Mungu anaona."

Mungu anaona, lakini kadi wanasaini wazee.

Jumatano, njiani kwenda Ikuti, mistari ilianza kunitoka. Nikifika kwenye mtungi najiuliza: yule mwanamke aliuacha kabla wanafunzi wa Yesu hawajarudi au baada? Nilirudia toka mwanzo, nikapotea palepale. Lusajo akinyonya, mimi naanza upya. Sura ambayo nilikuwa naisema huku nafua sasa ilikuwa inayeyuka kwa kukaa kinywani bila kusemwa.

Alhamisi niliamka, nikaoga, nikavaa gauni langu la bluu. Nilipoinuka kwenda mbele, Mwalimu alinitazama kifuani. "Maziwa yamevuja. Watu watatazama hilo, Neno hawatalisikia. Ambakisye, simama."

Nikashikishwa Biblia tena, na alipokwama ndipo nilipoifunga.

Mzee wa kanisa akauliza kuna nini. Ambakisye aliniambia chini chini, "Dada, tafadhali." Nikaenda mbele na mtoto mgongoni, nikamkabidhi Biblia. "Shika wewe." Nikaanza mstari wa kwanza. Nilikwenda polepole mpaka nikafika kwenye mtungi, na mtungi ukakaa mahali pake. Nilipomaliza, mzee alisaini. Saini moja. Mwalimu aliandika kwenye ripoti yake kwamba nina utovu wa nidhamu.

Kwenye lori la kurudi, tulipoanza kuuona mji, Ambakisye akaniambia, "Umeniacha uchi mbele za watu."

"Ndiyo, nimekukosea. Lakini siku tatu hukusema hata mara moja, leo ni zamu ya dada."

Akaangalia majani ya chai. Nilichojifunza ni kwamba kukariri ni kazi nyepesi. Kazi ni kupewa pa kusimama.

Ijumaa, Tukuyu, nilipeleka barua ya malalamiko ofisi ya kozi. Katibu hakuifungua. "Barua ya mwanafunzi inapitia kwa kiongozi wake."

"Kiongozi wangu ndiye ninayemlalamikia."

"Ndio utaratibu, mama. Labda malalamiko ya mdomo, hayo nayaandika kwenye daftari."

"Basi shika hiyo barua, ufuatilie."

Akaifungua. Nikamweka Lusajo mgongoni vizuri, nikasimama wima, nikaanza kuisema kwa kichwa.

"Yah: Kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Mimi ni mwanafunzi wa kozi ya uinjilisti. Nilishikishwa kitabu Masukulu, Matwebe na Ikuti, hali Mwalimu Gwakisa anajua kwamba nimekariri. Sababu alizonipa ni kikohozi cha mwanangu na maziwa yangu. Sijaona kanuni ya kozi inayokataza kimojawapo. Nakiri niliifunga Biblia mwenzangu akiwa amesimama, na kwa hilo naomba Ambakisye asipunguziwe chochote. Naomba nirudishwe Masukulu na Matwebe kabla vituo havijapangwa, na…"

Neno likanitoka. Nikamtazama katibu. Kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari.

"Na nisikilizwe," akaninong'oneza.

"Na nisikilizwe," nikamalizia, naye akafungua daftari.