Fundi Matairi wa Rimouski

Jirani yangu Ghislaine anadai fundi matairi wetu wa hapa mjini Rimouski huyafunika matairi vizuri kuliko anavyomfunika mkewe. Ni kweli kila moja aliloachiwa lingoje msimu wake hulitia kwenye mfuko mweusi, akaubana hewa itoke, akalilaza ghalani penye ubaridi na giza. Huongea chinichini huku kidole gumba kikipapasa mpira.

Mwezi wa tano nilimpelekea matairi yangu ya kiangazi ayafunge badala ya yale ya theluji yaliyokwisha meno. Yalikuwa yamekaa miezi yote ya theluji kando ya tanuru la kupasha nyumba. Alilipinda moja ubavuni, nyufa nyembamba kama nywele zikafunguka.

“Uliyaonea huruma yasipate baridi, mama? Joto la tanuru na hewa kali ya mota yake vimeyakausha.”

“Lakini meno bado marefu. Na leo nampeleka mtoto kwa bibi yake kule mjini Matane, karibu kilomita mia.”

Alimtazama mwanangu niliyembeba mgongoni.

“Niachie funguo za gari, mama, nikutafutie mapya. Huyu mpeleke kwa basi.”